"Average" kwenye hati za meli ni hasara, si wastani

Mwagizaji mmoja wa vipuri vya magari alitujia na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya Kiingereza kutoka kwa wenye meli, wakitangaza "general average". Ya pili ilikuwa tafsiri aliyofanyiwa, imeandikwa "wastani wa jumla". Akauliza: wastani wa nini, na mbona nadaiwa na kontena langu halijaguswa?

Shuleni tulifundishwa kwamba "average" ni wastani, yaani jumlisha kisha gawanya kwa idadi. Bandarini neno hilo lina maana nyingine, tena iliyotangulia. Katika bima ya bahari "average" ni hasara, hasa ile ya sehemu tu ya mali.

Waingereza walilipata mwishoni mwa karne ya 15 kutoka kwa Wafaransa waliosema avarie, na Waitaliano walisema avaria. Wanaisimu wengi hulirudisha kwenye Kiarabu, katika neno la kasoro au bidhaa iliyoharibika. Mzizi huo si mgeni kwetu. Aliyepita madrasa anaijua awra, sehemu ya mwili inayopaswa kusitiriwa, na Mwarabu humwita mwenye chongo a'war. Hasara yetu nayo ni ya Kiarabu, ila ya mzizi mwingine.

Kwa karne kadhaa neno hili liliandikwa kwenye mikataba ya bima ya London. Mkataba wa zamani wa Lloyd's, soko la bima la London, ambao umeambatishwa kwenye Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya mwaka 1906, unataja nafaka, samaki, chumvi, matunda, unga na mbegu kuwa ni "free from average", isipokuwa hasara iwe ya wote au chombo kipande mwamba au fungu. Sababu yake iko wazi: vitu hivyo huoza au huharibika kwa unyevu hata bila ajali, na mtoa bima hakutaka kulipia gunia lililoota ukungu. Anayetafsiri hapo "bila wastani" anamnyima msomaji habari nzima.

Sasa hiyo hasara ya wote, ndiyo "general average" ya ile barua. Chombo kimepatwa na dhoruba, nahodha anaamuru shehena ya mafuta itoswe ili kielee. Tuseme chombo kina thamani ya shilingi milioni 60, vitambaa milioni 20, mchele milioni 10 na mafuta yaliyotoswa milioni 10. Jumla ni milioni 100, na kilichopotea ni sehemu moja ya kumi. Basi kila mmoja anatoa sehemu moja ya kumi ya mali yake: mwenye chombo milioni 6, wa vitambaa milioni 2, wa mchele milioni 1. Mwenye mafuta anapokea milioni 9, na milioni 1 inabaki juu yake, kwa kuwa naye alikuwamo. Desturi hii ilikuwamo tayari katika sheria za Warumi, walioiita sheria ya Rhodes, kisiwa cha Wagiriki. Leo inaongozwa na kanuni za kimataifa ziitwazo Kanuni za York-Antwerp. Na ugawaji wa namna hii ndio uliolipeleka neno, katika karne ya 18, kwenye maana ya wastani tunayoijua.

Meli ya Ever Given ilipokwama katika Mfereji wa Suez mwezi Machi 2021, ilikuwa na makontena yapatayo 18,300. Wenye meli walitangaza "general average" baada ya meli kunasuliwa, na meli yenyewe ikazuiwa Misri hadi tarehe 7 Julai. Katika hali kama hiyo mwenye mzigo hapewi mali yake mpaka atie saini ahadi ya kuchangia na bima yake itoe dhamana. Asiye na bima huweka fedha taslimu, na hesabu ya mwisho inaweza kuchukua miaka. Ndiyo maana yule wa vipuri alidaiwa.

Wenye maduka nao waliangalie neno hili, maana limepanda nchi kavu. Mikataba mingi ya bima ya moto ina kifungu cha "average". Bidhaa zako zina thamani ya milioni 60, wewe umekata bima ya milioni 30 ili upunguze ada. Moto ukiteketeza bidhaa za milioni 20, hulipwi 20. Kwa kuwa ulikata bima ya nusu ya mali, unalipwa nusu ya hasara: milioni 10. Nimewaona watu wazima wakilia mbele ya mkadiriaji hasara kwa sababu ya mstari huo mmoja, ambao hakuna aliyewasomea siku ya kutia saini.