Skafu ikijikunja, usiulaumu mkono wako

Hapa Newala, kipupwe cha Juni na Julai kikishika, anayejifunza kufuma skafu ya mduara huambiwa kingo zinajikunja kwa sababu anakaza uzi. Si kweli, na inaniuma kuona mtu anaacha sindano kwa lawama hiyo. Itazame kazi yako kwa karibu: mbele vijishono vya umbo la V, nyuma matuta matupu. Pande hizo hazivutani sawa, ndiyo maana kitambaa hujiviringisha hata mikononi mwa fundi wa miaka mingi. Fuma kila mstari kwa mshono uleule wa mbele, yaani ule unaotoa V upande unaokutazama, ukigeuza kazi kila mwisho wa mstari. Matuta yatakaa pande zote mbili na kingo zitatulia. Ukipata mstatili unaozunguka shingo, shona ncha zake pamoja.