Nishati Safi Mombasa Ianzie kwenye Mita ya Ploti

Mikutano ya nishati Mombasa huwa na sura zile zile. Inaitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, kwenye ukumbi wa hoteli, na makabrasha yenyewe ni manene na ya Kiingereza. Saa hizo mama wa viazi karai wa Majengo hajatoka motoni, na dereva wa tuktuk anasaka abiria Mwembe Tayari. Halafu sisi wataalamu tunarudi ofisini tukilalamika kwamba wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao, ila hatujawauliza linalowauma.

Linalowauma wengi ni mita. Nyumba nyingi za kupanga, yaani ploti, za Kisauni, Likoni na Changamwe zina ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na mita moja ya wote. Tangu Aprili 2023, bei ya uniti (umeme wa wati 1,000 kwa saa moja) kwa matumizi ya nyumbani imegawanywa madaraja matatu: hadi uniti 30 kwa mwezi, 31 hadi 100, na zaidi ya 100, kwa wastani wa miezi mitatu. Daraja la chini liliwekwa kumpunguzia mzigo mwenye kipato kidogo. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba kikila uniti 25 za taa, simu, televisheni na feni. Kila mpangaji peke yake angekuwa daraja la chini. Mita lakini inasoma 150, na wote sita wanatozwa bei ya juu kabisa, sawa na jumba la Nyali lenye viyoyozi. Submita, yaani mita ndogo ya chumba aliyoweka mwenye nyumba, inasaidia kugawana gharama tu. Daraja halibadiliki, kwa sababu Kenya Power, kampuni inayouza umeme, inaiona mita moja. Mpangaji huyo ukimwambia aache makaa apike kwa stima, atakucheka, na ana haki.

Ndiyo maana kikao cha kwanza cha nishati kiwe cha mwenye nyumba na wapangaji wake, palepale barazani, baada ya Isha. Ajenda iwe moja: mita kwa kila chumba, nani alipie nyaya mpya, na kodi isipandishwe kwa kisingizio hicho. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati na mafuta. Nyaya za kuungaunga ukumbini zimeshaunguza nyumba za kutosha.

Mita ikishatengana, mazungumzo ya jikoni yanakuwa na maana. Mbaazi za nazi ni mfano mzuri, maana hunywa makaa mengi kabla hata tui halijatiwa. Presha kuka ya umeme ya wati 1,000 haivuti moto muda wote. Ikishapanda presha huzima na kuwaka yenyewe. Ikivuta jumla ya dakika 25, imekula chini ya nusu ya uniti. Hesabu hiyo ionyeshwe kwenye chama cha akina mama, mita ikiangaliwa kabla na baada, na pembeni makaa yanayopikia sufuria ya pili ya mbaazi zile zile yakipimwa. Chapati na mahamri ni habari nyingine, hapo gesi bado inashinda, na mtaalamu asiyesema hivyo atapoteza wasikilizaji wake.

Wapo wanaouliza faida iko wapi ikiwa umeme wenyewe ni wa majenereta ya Kipevu. Swali zuri. Mitambo hiyo ya mafuta ipo kweli, lakini karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, na laini kubwa ya umeme kutoka Nairobi huufikisha Pwani. Moshi unaobaki karibu nawe zaidi ni wa jiko lako.

Sola ya paani nitaigusia kwa ufupi, kwa kuwa mpangaji hana paa. Mwenye nalo azingatie chumvi ya bahari, inayokula vyuma na skrubu za bei rahisi, na wa Mji wa Kale akumbuke kwamba ni eneo la hifadhi, asifunge chochote kabla ya kuomba kibali.

Sheria ya Nishati ya 2019 inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati, na Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe. Mombasa ina wadi 30. Kikao cha wadi yako kikitangazwa, usiende mikono mitupu. Kila ukinunua tokeni, ujumbe wa simu hukuonyesha uniti ulizopata, pesa zilizoingia kwenye tokeni na makato mengine. Usiufute. Majirani wakikusanya jumbe za miezi mitatu na idadi ya vyumba vinavyotumia mita hiyo, wawasomee maofisa wa kaunti mstari kwa mstari, kisha waulize mpango huo unasema nini kuhusu nyumba za mita moja.