Kupunguza Uzito: Mlima wa Riat Haufuti Sahani ya Mchana

"Nimefanya mazoezi, kwa hivyo nitakula nitakavyo." Hii ndiyo dhana inayowaangusha wengi hapa Kisumu. Mtu wa kilo 70 akitembea haraka kwa saa nzima, anatumia kama kalori 250 hadi 300. Soda ya nusu lita peke yake ina zaidi ya 200. Aliyepanda Riat alfajiri, kisha akateremka akanywa soda na mandazi mawili, amerudisha kila alichokitoa na kuongeza juu yake.

Mafuta ndiyo hujificha zaidi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina takriban kalori 120, na ngege aliyezamishwa kwenye karai linalochemka hutoka na vijiko kadhaa. Samaki huyohuyo ukimpika kwa nyanya, vitunguu na maji, utamu upo na mafuta ni kidogo mno. Tazama pia sukuma: mboga nyepesi kabisa, tunaimiminia mafuta mpaka sahani inang'aa.

Basi mazoezi ni kazi bure? Hata kidogo. Kilo hupungua hasa jikoni, lakini mazoezi hulinda misuli, hushusha presha na sukari, na husaidia sana kilo zilizotoka zisirudi. Mwili ukipungua, mahitaji yake nayo hupungua. Chakula kilichokukondesha ukiwa na kilo 90 huenda kikakushikilia palepale ukifika 80. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani wamerogwa au mwili umegoma. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kukufanya uheme kiasi, pamoja na kazi za nguvu siku mbili au zaidi. Kulima na kubeba maji vinahesabika. Si lazima ulipie jimu.

"Ugali unanenepesha, kula wa wimbi au mtama." Unga wa wimbi, wa mtama na wa mahindi vina nguvu inayokaribiana. Wimbi lina nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe uliokobolewa, na hilo ni jema, ila bonge kubwa ni bonge kubwa. Nusu ya sahani iwe mboga kama osuga, dek au sukuma, robo ugali, robo omena au maharagwe. Kwa kawaida sisi hufanya kinyume: ugali mlima, mboga kiganja.

Jasho nalo si mafuta yanayoyeyuka. Kukimbia na jaketi zito, au kujifunga nailoni tumboni katika joto hili la ziwani, hutoa maji tu, nayo hurudi ukinywa. Tena ni hatari. Joto la mwili likipita kiasi linaweza kuua.

Ndimu kwenye maji ya moto haikati kitambi. Mazoezi ya tumbo pia hayachagui mafuta ya tumbo. Huimarisha misuli iliyo chini yake.

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha kabisa. Mwenye kilo 90 akipunguza tano tu, presha na sukari mara nyingi huanza kutulia. Ila anayetumia dawa za kisukari azungumze kwanza na daktari wake kabla ya kupunguza chakula, maana dozi ileile juu ya sahani ndogo inaweza kushusha sukari ghafla.