Matone ya chanjo na utumbo wa mtoto: maswali ya akina mama kliniki, Moshi

Matone yanayotiwa mdomoni yanawezaje kuwa chanjo kamili wakati hakuna sindano?
Virusi vya polio, vinavyoweza kupoozesha, na vya rota, vinavyosababisha kuhara kukali, humwingia mtoto kwa njia ya mdomo, kwa hiyo kinga hujengwa palepale vinapopita. Matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa. Vikifika katika utumbo mwembamba, seli maalumu huvinasa na kuvipitisha kwa seli za kinga zilizokusanyika chini yake, na baadhi ya seli hizo, zikishavitambua, husambaa katika ukuta wa utumbo na kutoa kingamwili aina ya IgA ambayo huingia kwenye ute na kuvizuia virusi visishike ukuta huo. Sindano ya polio humkinga mtoto vizuri dhidi ya kupooza, lakini utumboni huacha ulinzi hafifu.

Tunakwenda Rombo kwa Krismasi. Je, matone yanaweza kusubiri hadi turudi?
Hapana, hayasubiri. Matone ya rota hutolewa katika wiki ya 6 na ya 10. Ya polio huanza mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Beba kadi, kwani hata Rombo vipo vituo vya chanjo. Kila Januari tunaletewa watoto walioishiwa maji kwa kuharisha, wenye macho yaliyoingia ndani na utosi uliobonyea, na tukifungua kadi tunakuta nafasi za matone zikiwa tupu. Inaumiza, kwa kuwa chanjo ilikuwapo.

Ana mafua na anaharisha kidogo. Si afadhali apone kwanza?
Hapana, tafadhali. Usiahirishe kwa sababu ya mafua, wala kwa kuharisha kidogo, wala kwa ushauri wa jirani. Anayeharisha au kutapika sana aletwe leo atibiwe, na mtoa huduma ndiye atakayepanga siku ya matone, si wewe nyumbani.

Nimnyime ziwa baada ya matone?
Hapana. Mnyonyeshe kama kawaida.

Akimaliza matone yote, hataharisha tena?
Anaweza kuharisha. Katika utafiti wa Malawi na Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 2010, chanjo ya rota ilipunguza kuhara kukali kunakosababishwa na virusi hivyo kwa asilimia 61 hivi, na vipo vijidudu vingine vingi visivyohusika na chanjo hiyo. Basi akianza kuharisha, mpe ORS (dawa ya kurudisha maji mwilini) na zinki, uendelee kumnyonyesha. Akilegea, akishindwa kunyonya au ngozi ya tumbo ikifinywa ikarudi polepole, mlete usiku huohuo, wala usingoje kupambazuke.