Njia kushushwa daraja si ushahidi wa uongo

"Kumbe aliyeifungua alitudanganya?" Kila njia maarufu ya kukwea mwamba inaposhushwa daraja, yaani namba ya ugumu wake, swali ni hilohilo, na linachosha. Namba anayoitaja mkweaji wa kwanza ni pendekezo tu. Hana wa kulinganisha naye, na njia ile ameizoea kwa mbinu moja, iliyoufaa mwili wake.

Chukueni njia iitwayo Bibliographie, kule Céüse, Ufaransa. Alexander Megos aliimaliza mwaka 2020, akapendekeza 9c (kwa kipimo cha Kifaransa, namba na herufi zikipanda, ugumu nao unapanda). Mwaka uliofuata Stefano Ghisolfi akairudia, akapata namna nyepesi zaidi ya kupita sehemu ngumu, akasema 9b+, daraja moja chini. Megos mwenyewe akakubali. Mwamba ni uleule; kilichobadilika ni mpangilio wa mikono na miguu. Daraja hupima njia kwa mbinu bora inayojulikana hadi sasa, na mbinu huendelea kugunduliwa.

Pedi ya goti, kipande cha mpira kinachovaliwa juu kidogo ya goti, nayo ina mchango wake. Goti likibanwa chini ya mwamba uliochomoza huku kidole cha mguu kikisukuma kutoka chini, paja hubeba uzito na mikono hupumzika. Pumziko la namna hiyo likipatikana kabla tu ya sehemu ngumu, mkweaji hufika pale mikono ikiwa bado na nguvu, na daraja linashuka bila mtu kuongopa. Kishikio kikivunjika, daraja laweza kupanda.

Njia iitwayo Akira ndiyo huvuruga watu zaidi. Fred Rouhling aliipa 9b mwaka 1995, wengi wakatilia shaka kama kweli aliikwea. Mwaka 2020 Seb Bouin na Lucien Martinez waliirudia na kupendekeza 9a. Basi wenye shaka wakajipigia makofi! Lakini kukosea namba na kudai umekwea usichokwea ni mambo mawili, na marudio hujibu la namba peke yake.

Mengine wanayokosea watu ni mafupi. Eti 9c maana yake kila hatua ni ngumu kupindukia: hapana, daraja ni la njia nzima. Silence ya Adam Ondra kule Flatanger, Norwei, ni 9c, ila kipande chake kigumu kabisa alikipa 8C kwa kipimo cha miamba mifupi, isiyohitaji kamba. Herufi kubwa na ndogo si mapambo. 8C, ya miamba mifupi, si 8c, ya njia za kamba. Eti daraja huonyesha hatari: la Kifaransa halionyeshi. Eti warefu hupata mteremko siku zote: mwambie mrefu ajikunje kwenye vishikio vilivyobanana.

Ukirudia njia, usianze na namba. Taja mbinu uliyotumia, pedi kama ulivaa, kishikio kilichovunjika, kisha ilinganishe na njia tatu za mtindo huohuo ulizozimaliza bila kuanguka. Kama huna hizo tatu, sema imekuwa nyepesi au ngumu kwako, namba waachie wengine. Na aliyeijaribu kwa kuning'inia kwenye kamba tu, bila kuimaliza, asihesabiwe kabisa.