Bunduki Haichoti Maji: Dhana Potofu za Wanaojiandaa kwa Siku Nchi Itakapoporomoka

Kwa miaka kumi na minne nimewafundisha raia wenye vibali namna ya kushika, kubeba na kuhifadhi bastola bila kuwadhuru watu wa nyumbani mwao, na tangu korona ilipotufungia majumbani nimeongeza somo la pili, la maandalizi ya dharura ya kaya. Nilitumaini kwamba somo la pili lingelimaliza swali ninaloulizwa katika la kwanza. Halikulimaliza. Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu, mtu wa heshima zake, alibaki nyuma wenzake walipoondoka, akaniuliza: “Mwalimu, siku serikali ikianguka, nitahitaji risasi ngapi?” Nami nikamuuliza: “Mzee wangu, nyumbani mna akiba ya maji ya siku ngapi?” Akasema maji ya bomba huja Jumanne na Ijumaa, na siku nyingine mama hununua kwa wenye mikokoteni.

“Mwenye silaha ndiye atakayeokoka”

Hii ndiyo dhana inayonikera kuliko zote, kwa sababu huwafanya watu wenye akili timamu watumie fedha nyingi kujikinga na hatari iliyo mbali chini katika orodha ya mambo yatakayowaua, huku zile za juu wakiziacha wazi. Wanachokiona kichwani ni mlango unaovunjwa usiku. Mlango huvunjwa kweli, sikatai, lakini tukitazama mahali ambapo utawala ulianguka au huduma zilikatika, tunakuta kwamba wengi waliokufa hawakumwona aliyewaua, maana alikuwa ndani ya kikombe.

Mfano ulio karibu nasi ni Goma. Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Rwanda kwa siku chache tu, wakiwemo wanajeshi wa jeshi lililoshindwa pamoja na silaha zao. Silaha zilikuwapo kwa wingi kiasi kwamba zilizonyang’anywa mpakani zilirundikwa kama kuni. Kilichokosekana ni maji safi na vyoo, kwa kuwa ardhi ya pale ni mwamba wa volkano usiochimbika kwa jembe, na watu wakachota maji ya Ziwa Kivu jinsi yalivyo. Katika mwezi wa kwanza walikufa karibu watu 50,000, wengi mno kwa kipindupindu na kuhara damu. Kipindupindu kikali humkausha mtu mzima hadi kufa kwa muda wa saa chache, na tiba yake kubwa ni kurudisha maji na chumvi mwilini: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Huwa nawauliza wanafunzi wangu ni nani anayekijua kipimo hicho bila kutazama simu. Wanaojua kifyatulio cha bastola zao huhitaji nguvu kiasi gani kuvutwa ni wengi zaidi.

Huko Baidoa, Somalia, mwaka 1992, hali haikuwa tofauti. Dunia iliiita njaa, na njaa ilikuwepo, lakini watoto waliokuwa wamedhoofika walimalizwa na surua na kuhara. Nchi ile haikuwa na uhaba wa bunduki.

Wapo wanaonijibu kwamba mifano hiyo ni ya watu waliokuwa hawana kitu, na kwamba raia aliyejipanga, mwenye silaha yake, angekuwa na habari nyingine. Basi tuitazame Albania, nchi ya Ulaya, mwaka 1997. Miradi ya upatu iliporomoka na akiba za familia nyingi zikapotea. Ghadhabu ikageuka maasi, askari wakayaacha maghala ya jeshi, na raia wakabeba zaidi ya nusu milioni ya silaha. Kwa muda wa miezi michache karibu kila mwanamume aliyetaka bunduki alikuwa nayo, yaani ile ndoto ya wanafunzi wangu ilitimia kwa nchi nzima. Walikufa karibu watu 2,000. Wengine waliuawa na magenge, ni kweli, lakini wengine waliuawa na risasi zilizopigwa hewani, na silaha zilizochezewa na watoto, na milipuko ya maghala yenyewe waliyokuwa wakiyapora. Miaka miwili baadaye, katika wilaya ya Gramsh, Umoja wa Mataifa ulikuwa ukiwaomba wananchi warudishe silaha ili watengenezewe barabara na huduma nyingine. Bunduki ilipokuwa kwa kila mtu, haikumpa mtu yeyote nafuu dhidi ya jirani yake; ilifanya tu ugomvi wa kawaida, ule wa mpaka wa shamba au wa ulevi, uishie kaburini.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ninaiheshimu. Rais wa Somalia, Siad Barre, alipoondolewa Mogadishu mnamo Januari 1991, jamii zisizokuwa na wapiganaji wao ndizo zilizoporwa vibaya zaidi, na miongoni mwao walikuwa ndugu zetu wa Barawa, wanaozungumza Chimwini, lahaja ya Kiswahili. Wanamgambo waliingia mji ule, wakatoka, wakaingia wengine. Mwanafunzi mmoja aliniambia kwamba kama wangekuwa na bunduki wasingeporwa. Huenda. Lakini waliokuja walikuja kwa makundi, juu ya magari yaliyofungwa bunduki nzito, na bastola ya mwenye nyumba mbele ya gari kama hilo hubadilisha jambo moja tu, nalo ni kwamba atakayeporwa sasa atauawa kwanza. Waliookoka kwa wingi ni waliopanda vyombo wakashuka Mombasa. Kilichowafaa ni kujua njia, kuwa na watu upande wa pili, na kuondoka mapema. Vivyo hivyo kwetu Kenya, katika ghasia za baada ya uchaguzi za Januari 2008: bastola yenye risasi 15 mbele ya umati wa watu 200 ni hesabu ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza.

Isitoshe, neno “kuporomoka” linawadanganya watu kwa kuwafanya wasubiri siku moja kubwa. Mara nyingi huduma moja hukatika na nyingine zikaifuata. Mnamo Mei 2008 waya wa umeme unaopita chini ya bahari kwenda Unguja ulipata hitilafu, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mmoja. Desemba 2009 giza likarudi na kudumu kama miezi mitatu. Hapakuwa na vita wala mapinduzi. Lakini pampu za maji za mjini zilitegemea umeme huo huo, kwa hiyo mabomba yakakauka, na watu wakarudi kwenye visima na foleni za ndoo. Mtu aliyekuwa na bunduki chumbani Mji Mkongwe alisimama kwenye foleni ile ile kama mwenzake.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanafunzi wameuchoka na mimi sijachoka kuutoa, ni wa mitungi. Mtu mmoja huhitaji kama lita tatu kwa siku za kunywa pekee, na kiwango cha chini ambacho mashirika ya misaada hukilenga kwa kunywa, kupika na usafi ni lita 15. Familia ya watu sita, kwa wiki mbili, kwa kunywa tu, ni lita 252, yaani mitungi 13 ya lita 20, iliyofunikwa, isiyowahi kubeba mafuta wala dawa ya shamba. Maji yenye shaka yachemshwe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, au dakika tatu kwa walio nyanda za juu zaidi ya mita 2,000. Asiye na kuni atumie klorini ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Akikosa, dawa ya klorini ya kung’arisha nguo, ya asilimia tano, isiyo na manukato, matone mawili kwa lita ya maji maangavu, kisha asubiri nusu saa. Bei ya bastola moja hununua mitungi hiyo yote na tangi kubwa la plastiki juu yake, na chenji ikabaki.

Yule mwenye kibali aliyeamua kuwa na bastola simkatazi, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Namwambia tu kwamba iwe ndani ya kasha la chuma lenye kufuli, na kwamba aache kuwasimulia watu kuwa anayo. Majambazi wanazitafuta silaha kuliko wanavyotafuta televisheni, na jirani mwenye mdomo ndiye ramani yao.

“Kisu kikiwa kikubwa, ndivyo kinavyofaa”

Huletewa darasani kisu kirefu chenye meno mgongoni, mpini wa mviringo ulio wazi ndani, na kifuniko chenye dira. Hicho ni mapambo. Mpini ulio mtupu humaanisha kwamba chuma kimeishia mwanzoni mwa mpini, na siku utakapokigonga kwa gogo ili kupasua kuni kitakatikia hapo hapo. Kisu cha kazi ni kile ambacho chuma chake kimepita ndani ya mpini hadi mwisho, chenye ubapa wa kama sentimita kumi, na kazi zake ni kukata kamba, kuchuna, kuchonga na kuandaa chakula. Kazi kubwa zaidi ya hizo ni ya panga, na panga la sokoni la chuma cha kawaida, linalonolewa kwa tupa, hushinda mengi ya bei mbaya ambayo tupa haiyagusi.

Wanaonunua visu vya gharama hawanunui kinoo, na hili sijaweza kulielewa. Kisu butu kinajeruhi kuliko kikali kwa sababu anayekitumia huongeza nguvu, kisha kikateleza na kuelekea mkononi. Jifunze kunoa kabla ya kununua kisu cha pili.

Ama kuhusu kisu kama silaha, jibu langu ni fupi: kimbia. Na panga usitembee nalo barabarani siku za fujo ukidhani linakulinda. Mapema mwaka 2008 vijana waliofunga barabara walikuwa na mapanga, na kwa askari anayekuja mbio hakuna tofauti kati ya panga lako la kujikinga na lao.

“Piga risasi moja hewani, watatawanyika”

Risasi iliyopanda hushuka, na Albania niliyoitaja inatosha. Sheria nayo itakuhesabia kila risasi iliyotoka katika mtutu wako, hata kama nia yako ilikuwa njema.

“Nina gunia kumi za mahindi, sina wasiwasi”

Wasiwasi uwe nao. Mwaka 2004, katika mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yao wenyewe, yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu na kuota ukungu uletao sumukuvu. Kuchemsha ugali hakuiondoi sumu hiyo. Mahindi yakaushwe mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13 hivi, yawekwe juu ya mbao na si juu ya sakafu, na yaliyobadilika rangi yatupwe bila huruma. Wala usimpe kuku, kwa kuwa sumu humdhuru yeye na inaweza kurudi kwako kupitia mayai na nyama. Kumbuka pia kwamba mahindi na maharagwe makavu hula kuni nyingi. Ndiyo maana mimi huhifadhi unga, mchele na dengu zaidi.

“Mambo yakiharibika nitakwenda ushago, nitawinda”

Kuwinda kumepigwa marufuku Kenya tangu 1977, na hata kama kusingekuwa hivyo, msitu ulio karibu na kijiji chako hauwezi kuwalisha wote wenye wazo hilo hilo. Kuhusu kwenda ushago, swali ni la njia. Januari 2008 barabara zilifungwa, reli ikang’olewa Kibera, na mafuta yakaadimika hadi Uganda na Rwanda, nchi ambazo hazikuwa na uchaguzi wowote. Kadi za kukwangua za simu nazo zilikosekana madukani, hata aliyekuwa na fedha hakuweza kumpigia nduguye. Kwa hiyo tangi la gari lisishuke chini ya nusu, noti ndogo ziwepo nyumbani kwa sababu simu huzimika, na vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati ya shamba vitolewe nakala na kufungwa ndani ya nailoni. Ukiondoka, ondoka wakati wenzako bado wanabishana kama kuna haja ya kuondoka.

“Aliyechomwa kisu, kichomolewe haraka”

Kiache. Chuma kilichobaki mwilini mara nyingi ndicho kinachoziba mshipa kilioukata, na ukikichomoa unafungua bomba. Zungushia vitambaa pande zake ili kisitikisike, funga, mpeleke hospitali. Jeraha lisilo na kitu ndani likandamizwe kwa kitambaa safi na viganja viwili, kwa uzito wa mwili, dakika kumi bila kuinua ili kuchungulia. Damu ikiruka kutoka mguuni au mkononi na mkandamizo haujaisimamisha, kaza bandeji pana juu ya jeraha, kati yake na moyo, usikazie kwenye kiungo, fungia kijiti kwenye bandeji hiyo, kizungushe mpaka damu ikome, andika saa uliyoikaza, na usiilegeze mwenyewe. Somo hili huchukua alasiri moja, na nusu ya wanafunzi huomba ruhusa ya kuondoka mapema wakazoee shabaha.