Daraja likisombwa na maji Kilwa, pesa ya kujenga jingine hutoka wapi?

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimeishiwa nguvu, lakini mvua zake zilikuwa na nguvu zote. Kule Somanga na Mikereng'ende, wilayani Kilwa, maji yaliikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi–Mtwara kama kisu kwenye mkate wa kumimina. Mabasi yakalala njiani, na aliyekuwa na haraka ya kufika Dar kwa gari hakuwa na budi kuzungukia Masasi, Tunduru na Songea. TANROADS, wakala wa Serikali wa barabara kuu, wakamwaga mawe, wakapanga makalavati, na baada ya siku kadhaa njia ikapitika.

Njia ya muda ni kazi ya siku. Daraja la kudumu ni kazi ya mabilioni, na mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai ukaisha Juni. Mwezi Mei, basi, ni kama tarehe 28 kwa mwenye mshahara. Hakuna bajeti iliyokuwa na mstari ulioandikwa "daraja litakalosombwa na Hidaya". Sasa pesa inatoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu ni hii: katika mikopo iliyokwisha kukopwa kwa ajili ya mambo mengine.

Benki ya Dunia inapoikopesha nchi kwa mradi, mkataba hugawanywa katika vipengele. Kimoja cha ujenzi, kingine cha usimamizi, kingine cha mafunzo. Mara nyingi mwishoni kunakuwa na kipengele cha dharura, na ukitazama kiasi kilichotengwa mbele yake unakuta sifuri. Si kosa la mwandishi. Kipengele hicho ni mlango uliofungwa, na ufunguo wake ni maafa. Serikali ikithibitisha kwamba dharura imetokea na kupeleka mpango wa nini kitafanyika, pesa ambayo haijatumika katika vipengele vingine inaruhusiwa kuhamia huko. Wahandisi na watu wa Hazina hukiita CERC, na ndiyo njia iliyotumika kupangia fedha madaraja ya Lindi yaliyoharibiwa na mvua za El Niño na Hidaya.

Fikiria umekopa kujenga nyumba: msingi, kuta, bati, madirisha. Kabla hujafika kwenye madirisha, upepo unang'oa bati. Mkopeshaji mgumu atakwambia pesa iliyobaki ni ya madirisha tu, ukitaka bati leta maombi mapya. Mkataba wenye kipengele cha dharura unakuruhusu kuezeka kwanza. Hapo ndipo wengi hatusikilizi vizuri taarifa ya habari. Tukisikia "fedha za dharura za Benki ya Dunia" tunadhani kuna mtu kaonea huruma watu wa kusini akatuma hundi. Hakuna pesa mpya iliyoingia. Madirisha yamesogezwa mbele, pengine katika mkoa mwingine kabisa.

Faida yake ni muda. Mkopo mpya una safari ndefu: upembuzi yakinifu, tathmini ya athari kwa mazingira na watu, majadiliano, kikao cha bodi ya benki kule Washington, kisha saini. Na saini si ya mkuu wa mkoa. Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya Serikali ya mwaka 1974, Sura ya 134, imempa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa kwa niaba ya Serikali. Ungesubiri safari hiyo yote, masika mengine yangekukuta Somanga bado unapita juu ya mawe.

Lakini kwa nini tusipewe tu? Kusini tunaijua misaada. Kuanzia miaka ya 1970 Finland ilifadhili miradi ya maji Mtwara na Lindi, na kuanzia 1988 hadi 2005 ikawa na mradi wa RIPS wa maendeleo vijijini katika mikoa hiyo miwili. Ukiwa umekulia juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji yalifuatwa bondeni kwa miguu na kupandishwa mlimani kichwani, pampu ya Wafini huwezi kuisahau. Ile haikudaiwa. Tatizo la msaada ni ukubwa wake: unatosha visima, wataalamu, michoro, mara chache utoshe barabara ya lami ya kilomita mia moja. Kuna na jambo la pili, ambalo mimi naliona lina kejeli yake. IDA, dirisha la Benki ya Dunia kwa nchi maskini, hupima uwezekano wa nchi kulemewa na madeni kabla ya kuamua iipe msaada au mkopo. Iliyolemewa hupewa msaada. Tanzania huonekana inaweza kulipa, kwa hiyo hukopeshwa.

Mikopo hiyo, hata hivyo, haifanani na ya benki ya mtaani. Kwa miaka mingi mkopo wa kawaida wa IDA ulikuwa wa miaka 40, miaka 10 ya kwanza hulipi mtaji, na gharama yake ni ada ya asilimia 0.75 kwa mwaka. Ukikopa dola milioni 100, ada ya mwaka ni dola 750,000. Kinachouma ni sarafu. Mwaka 2001, ambao Tanzania ilimaliza masharti ya kupunguziwa madeni chini ya mpango wa HIPC, dola moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 900. Mwaka 2024 ilikuwa karibu 2,600. Deni la dola milioni moja halijaongezeka hata senti, ila kwa shilingi limekuwa karibu mara tatu.

Ndiyo maana Serikali haikopi kwa kila kitu, na ukitaka kuona hesabu hizo kwa macho panda gari kutoka Mtwara kwenda Masasi kupitia Newala, barabara ya korosho yenye kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, mpaka Mnivata, zilijengwa kwa fedha za ndani. Kilomita 160 zilizobaki, pamoja na daraja la Mwiti, ni mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Lami ni lami, haina alama ya aliyeilipia. Na hata kwenye kipande cha mkopo, fidia ya nyumba na mikorosho inayopisha barabara kwa kawaida hutoka mfuko wa Serikali yenyewe, kabla greda halijaingia. Mkopeshaji analipia daraja, halipii ugomvi wa mipaka ya shamba.

Kuwepo kwa pesa pia si sawa na kuwepo kwa barabara. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji, lililofunguliwa 2003 kwa fedha za Kuwait, OPEC na Serikali, lilituondolea foleni ya kivuko cha Ndundu. Ng'ambo yake, kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga nazo zilikuwa na wafadhili, zikachukua miaka mpaka tukazizoea kama sehemu ya safari: kushuka, kusukuma, kupanda. Mkopo hauji kwa gunia. Mkandarasi anafanya kazi, mhandisi mshauri anapima na kusaini hati, Serikali inaomba, benki inalipa. Pakikwama mahali pamoja tu, pote pamekwama.

Kuna kazi moja ambayo mkopo wa ujenzi hauigusi: kuzibua makalavati kabla ya masika. Hiyo ni matengenezo, na hulipwa na Mfuko wa Barabara, ambao sehemu kubwa ya mapato yake ni tozo iliyomo kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Dereva anayejaza tangi Nangurukuru ameshachangia, risiti anayo mkononi.